Mhimili wa Pili

Bwana Aderito anataka chati moja.
"Moja tu, Felismina. Karatasi moja,
madiwani wasije wakachoka kabla ya kahawa."

Nimefungua lahajedwali saa mbili usiku,
blanketi magotini, kuni za mzeituni zikinung'unika jikoni.
Safu ya kwanza, miaka.
Safu ya pili, zeituni zilizofika kinuni, kwa kilo:
laki tatu themanini na sita elfu, laki nne kasoro,
laki nne na kumi na saba elfu.
Safu ya tatu, watoto wa shule ya Vale de Gralhas:
thelathini na mmoja.
Kumi na tisa.
Kumi na mmoja.
Wanne.

Nikabofya.
Zeituni zikatanda juu kama mgongo wa mlima.
Watoto sikuwaona.
Nikasogea hadi pua ikakaribia kioo,
kumbe wapo, uzi mwekundu uliolazwa juu ya sifuri,
mwaka wa thelathini na mmoja sawa na mwaka wa wanne.
Duarte wangu yumo katika ule wa kwanza.
Sasa anaendesha winchi huko Luxembourg,
hunitumia picha za mawingu aliyoyapita kwa urefu,
na hapa hafikii unene wa unywele.

Kompyuta haikukosea.
Mweke sisimizi kwenye mizani ya magunia:
sindano haitikisiki,
nawe waweza kuapa mbele ya hakimu
kwamba hukuweka kitu.

Basi nikaushika ule uzi, nikachagua: mhimili wa pili.
Upande wa kulia pakaota ngazi mpya,
tano, kumi, kumi na tano, hadi thelathini na tano,
na watoto wakainuka wote kwa mara moja
kama darasa linapoingiliwa na mkaguzi.
Kisha wakaanza kuteremka.
Nilikuwa nayajua haya. Mimi ndiye niliyeziandika hizo namba.
Hata hivyo niliondoka nikaenda kuchochea moto
usiohitaji kuchochewa.

Niliporudi nikaona pale nyuzi zinapokatana.
Mwanzoni kabisa, mwaka daraja lilipofungwa.
"Ndipo hapa," atasema Aderito, na kidole chake kinene,
"zeituni zilipowapita watoto."
Nikabadili kilele cha kulia, nikaandika ishirini na mbili:
mwaka wa kwanza ukatoboa paa,
makutano yakahamia mwaka aliostaafu mwalimu Otilia.
Nikaandika sitini: hazikutani tena, kamwe.
Msalaba wa kijiji kizima
nausogeza kwa kidole kimoja, nikiwa na soksi.
Hakuna siku kilo ilikutana na mtoto njiani
ikamwambia, nipishe.

Nikajaribu kuanzisha wote kwenye mia.
Zeituni zikafika mia na nane, watoto kumi na tatu.
Ni kweli, lakini kumi na tatu ya nini?
Nikajaribu ngazi za moja, kumi, mia, elfu:
nayo ni kweli, ila diwani Belmiro
akiona mia na elfu zimepewa hatua sawa
ataninusa kama nimekunywa.

Saa sita imepita. Nimechora mbili,
moja juu, moja chini, miaka imelingana wima
kama vifungo vya koti,
kila moja na ngazi yake, kila moja ikianzia sifuri.
Aderito akiuliza, nitamjibu: karatasi ni moja.
Na pembeni mwa wale wanne, kwa kuwa nafasi ilibaki,
nimeandika: Iria, Salvador, mapacha wa Zulmira.

Printa imetoa mpaka karibu na mwisho.
Wino mwekundu umeishia mwaka huu.
Natafuta kalamu.